Walitudai dola laki tatu za leseni, tukalipa chini ya elfu thelathini

Barua pepe ilifika Jumanne asubuhi, Mei 2024, ikiwa na kichwa cha upole kabisa: mapitio ya matumizi ya leseni. Ilitoka kwa kampuni ya nje ambayo hifadhidata yake (programu ya kutunza data) inabeba mfumo wetu wote wa mizigo, na maana yake ilikuwa ukaguzi: kuhesabu kama tunaitumia programu yao zaidi ya tulivyolipia. Sitaitaja jina, makubaliano tuliyofikia mwishoni yana kifungu cha usiri. Mimi nasimamia TEHAMA kwenye kampuni ya uwakala wa forodha, Dar es Salaam. Ghala liko Kurasini, orodha ya mishahara ina watu 287, na kitengo changu kina watu wanne ukimhesabu na kijana wa mafunzo kwa vitendo. Mwanasheria wa kudumu hatuna.

Naandika kwa sababu ushauri niliopewa wiki ile ulikuwa mbovu karibu wote, na nina hakika kuna mwenzangu mahali anapewa huohuo leo.

Kaka mmoja niliyesoma naye alinipigia jioni ileile. "Ondoa kila kitu kabla hawajafika. Piga fomati, wakute patupu." Huyu namheshimu, lakini sijawahi kusikia ushauri wa hatari kama huo. Ukiondoa programu, alama zinabaki kwenye kumbukumbu za seva, nakala rudufu zipo, na mkataba unahusu matumizi yako tangu uliposaini, siyo ya leo tu. Lililokuwa kosa la kuhesabu linageuka udanganyifu. Mwingine akasema nikae kimya, watachoka. Mkataba wetu unatoa siku 30 za kujibu. Zikipita, wewe ndiye umevunja mkataba, na unawapa sababu ya kukukatia huduma katikati ya msimu wa meli. Wa tatu alikuwa wakala aliyetuuzia leseni zenyewe. Huyo ndiye niliyemsikiliza, na nilijutia.

Alisema: "Tumeni mnachoombwa haraka, waone mna nia njema." Hakusema kwamba chochote tutakachonunua baada ya ukaguzi, naye ana kamisheni yake.

Wakaguzi walituma skripti, yaani programu fupi, ya kuendesha kwenye seva. Niliiendesha Alhamisi mchana, ikatoa faili kubwa lililobanwa, nikalituma kabla ya saa kumi jioni bila kulifungua. Nilijisikia vizuri kabisa. Nilidhani skripti ya kampuni ya hifadhidata itaangalia hifadhidata. Kumbe ilikuwa imeorodhesha kila seva iliyomo kwenye klasta yetu, yaani kundi la seva zinazobeba mashine pepe (kompyuta zilizoundwa kwa programu), idadi ya prosesa zake, kori zake (sehemu za ndani ya prosesa zinazofanya kazi), mpaka mashine za majaribio ambazo mwenyewe nilikuwa nimezisahau. Yote hayo nikawa nimeyakabidhi kwa mkono wangu, bila neno la maelezo, kwa watu ambao kazi yao ni kuyasoma kwa faida ya mwajiri wao. Wiki tatu baadaye likaja jibu. Tuna seva nne: tatu mpya zenye kori 32 kila moja, na moja ya zamani yenye kori 16. Jumla 112. Leseni zetu zilikuwa za kori 16. Walichosema ni kwamba mashine pepe inaweza kuhamia seva yoyote ndani ya klasta, kwa hiyo seva zote zinahitaji leseni. Pungufu: kori 96. Ukiongeza malipo ya matengenezo ya miaka ya nyuma na mashine ya majaribio, dai lilipita dola laki tatu.

Mkurugenzi wangu ni mzee mtaratibu. Alisoma ukurasa ule mara mbili, akavua miwani, akaniuliza: "Kijana, hizi ni pesa tunazodaiwa au ni pesa wanazozitaka?" Sikuwa na jibu. Swali lile nililibeba miezi minne, na kazi yote niliyofanya baadaye ilikuwa kulijibu.

Jambo la kwanza lilikuwa kuusoma mkataba, na hapo nikagundua kwamba mkataba wenyewe sina. Nilichokuwa nacho ni ankara na viungo vya kurasa za tovuti yao. Wakala akasema nakala yake "imepotea wakati wa kuhama ofisi". Nikashuka masijala.

Masijala yetu inasimamiwa na mama mmoja ambaye yupo tangu kampuni ilipokuwa na makarani sita na mashine za kuchapa. Vijana humwona kama mtu wa zamani kwa sababu bado anaandika kila faili kwenye rejista kwa kalamu. Nikamwamkia, nikamweleza. Akafungua rejista, akapitisha kidole, akasema, "Mwanangu, hiyo ni ya mwaka 2014, iko boksi la manunuzi, la bluu." Dakika tano baadaye nilikuwa na mkataba wa asili mkononi, kurasa 23, wenye sahihi za pande zote mbili na muhuri wetu, pamoja na cheti cha leseni.

Niliusoma usiku kucha, na nitauelezea kwa urefu, maana hapa ndipo kesi ilipogeuka. Mkataba unasema leseni zinahitajika kwa prosesa ambamo programu imesakinishwa au inaendeshwa. Haukutaja mahali popote prosesa ambamo programu *ingeweza* kuendeshwa. Hoja ya klasta nzima ilitoka kwenye waraka wa sera ulio kwenye tovuti yao, na mkataba wetu hauutaji waraka huo. Tena una kifungu kinachosema kwamba karatasi hizo ndizo makubaliano yote kati yetu, na hakuna maandishi mengine yanayoweza kuyabadilisha bila sahihi za pande zote. Nilimpelekea wakili tuliyemlipa kwa saa, akakubaliana na usomaji wangu. Ukipata barua kama yangu, omba pesa ya saa tatu za wakili kabla hujaomba pesa ya leseni mpya.

Lakini kifungu peke yake hakitoshi. Ilibidi nithibitishe kwamba hifadhidata iliishi kwenye seva moja tu, ile ya zamani yenye kori 16. Nilijua imo humo, kwa sababu fundi aliyenitangulia aliifunga isihame. Diski za kasi zilikuwa zimeunganishwa na seva hiyo peke yake. Fundi huyo sasa yuko Dodoma, na mfumo wa mashine pepe ulihifadhi kumbukumbu za siku 30 tu. Wakaguzi walitaka ushahidi wa miaka. Siku nne nilizunguka nikitafuta na nikakosa.

Ushahidi niliupata kwenye sanduku la barua pepe ambalo hakuna mtu aliyekuwa analifungua. Mfumo wetu wa nakala rudufu hutuma ripoti kila usiku saa nane, tangu Februari 2020, na kila ripoti inataja jina la mashine pepe pamoja na jina la seva iliyokuwa inaibeba wakati nakala inachukuliwa. Zilikuwa elfu moja na mia tano na kitu. Hakuna aliyeziandika ili kushinda kesi, zilijiandika zenyewe usiku kwa usiku, na ndiyo maana zilikuwa na uzito. Kijana wa mafunzo akaandika programu fupi ya Python iliyotoa tarehe, mashine na seva kutoka kwenye kila barua na kuziweka kwenye Eksel. Alikuwa na miaka 22, na alimaliza kwa siku moja na nusu. Nilitaja mchango wake mbele ya mkurugenzi na nautaja tena hapa.

Jedwali lilionyesha seva ileile moja usiku hadi usiku, isipokuwa usiku 11 mwaka 2022, seva ilipokuwa matengenezo na tukaihamishia hifadhidata kwenye mojawapo ya zile kubwa. Mwenzangu akapendekeza tuzifute safu hizo 11. Nilikataa, na ningekataa tena. Tulizipaka rangi ya njano, tukaandika sababu pembeni, tukaambatanisha ankara ya fundi wa seva. Kwenye kikao kilichofuata mkaguzi aliuliza habari za zile safu za njano kwanza, na baada ya kujibiwa hakubishana tena na safu nyingine yoyote.

Kosa letu la kweli lilikuwepo. Mashine ya majaribio, kori 8, ilikuwa inatumiwa na watu wa takwimu kutoa ripoti za kila wiki za wateja. Hayo si majaribio, ni kazi halisi, na yanahitaji leseni. Nililiandika mwenyewe kwenye jibu letu. Tukanunua leseni za kori hizo pamoja na matengenezo ya nyuma, siku 11 zikajumuishwa humohumo, na jumla haikufika dola elfu thelathini. Kabla ya hapo walikuwa wametuletea pendekezo la kuhamia huduma yao ya wingu kwa miaka mitatu, na ukaguzi "ungefungwa". Mkuu wa fedha alitaka tukubali ili tulale. Nilimwonyesha kwamba mwaka wa nne tungekuwa tunalipa ada ya kila mwaka mara mbili ya tuliyokuwa tunalipa, huku leseni zetu za kudumu tumezirudisha. Jibu la ukaguzi lifunge kwanza, mazungumzo ya kununua yaje baadaye na kwa watu tofauti.

Baada ya vita hiyo nilianza kuangalia programu nyingine zote, safari hii bila kungoja barua. Nilichukua orodha ya mishahara kutoka utumishi, nikailinganisha na akaunti tunazolipia za barua pepe na ofisi. Tulikuwa na akaunti 341. Wengine walishaacha kazi, mmoja alikuwa marehemu tangu 2021, Mungu amrehemu, na tulikuwa bado tunamlipia kila mwezi. Madereva na watu wa ghala walikuwa kwenye kifurushi kikubwa kuliko wanachokitumia, tukawashusha. Sasa utumishi hawamalizi fomu ya kuondoka kazini bila sahihi yangu.

Java, jukwaa ambalo programu nyingi hulihitaji ili zifanye kazi, nayo ilinishtua. Tangu Januari 2023 usajili mpya wa Java SE wa Oracle unahesabiwa kwa idadi ya wafanyakazi wote, hata kama Java iko kwenye kompyuta kumi tu. Bei ya orodha kwa kampuni ya ukubwa wetu ni dola 15 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi. Piga 287 mara 15 mara 12: dola 51,660 kwa mwaka. Sisi hatukuwa tumesajiliwa, na sikutaka kufika huko kwa bahati mbaya, kwa mtu mmoja kupakua toleo jipya asilolielewa. Kompyuta zetu za ghala nilizihamishia Eclipse Temurin, ambayo ni Java ileile ya chanzo huria, bure. Wikendi mbili zilitosha. Windows Server pia iangalie vizuri: tangu toleo la 2016 inahesabiwa kwa kori, na angalau kori 16 kwa kila seva, hata seva yako ikiwa na nane. Watu wananunua seva kwa bei ya duka bila kuuliza itagharimu leseni ngapi.

Kuhusu dola, wenzangu wa Tanzania watanielewa. Mwanzoni mwa 2023 tulikuwa tunanunua dola kwa 2,300 na kidogo, mwaka uliofuata ikapita 2,600, na kuna miezi benki zenyewe zilikuwa hazina. Bajeti niliyoiandika kwa shilingi ilikuwa haina maana. Mbaya zaidi, mkataba mmoja ulisema bei ni ile muuzaji anayobaki nayo baada ya kodi zote, kwa hiyo kodi ya zuio (ile ambayo mlipaji huikata na kuipeleka serikalini) ya 15% kwenye mrabaha, yaani malipo ya haki ya kutumia programu, unaokwenda nje ilikuwa inatulalia sisi. Ankara ya dola 40,000 ilitugharimu zaidi ya 47,000. Mkataba ulipofika mwisho niliomba kifungu hicho kibadilishwe, wakakataa, nikaomba tena Juni, wiki ya mwisho ya mwaka wao wa fedha, wakakubali. Muuzaji ana lengo la kufikisha kabla hesabu hazijafungwa. Oracle hufunga Mei 31, Microsoft Juni 30, SAP Desemba 31. Mwaka wa fedha wa muuzaji wako utaupata kwenye ripoti zake za wanahisa, na hapo ndipo pa kupanga tarehe zako, ukikumbuka kwamba mikataba mingi hujirefusha yenyewe usipotoa taarifa siku 60 au 90 kabla.

Barua ya kufunga ukaguzi ilikuja Septemba. Niliirudisha mara mbili, kwa sababu ya kwanza ilisema tu kwamba "mapitio yamekamilika", nami nilitaka iseme wazi kwamba hawana dai lolote kwetu kwa matumizi yote hadi tarehe ya barua. Ya tatu ilisema hivyo, ikiwa na sahihi. Nikaichapa, nikashuka nayo masijala. Mama akaisoma yote taratibu, akaipiga muhuri wa kupokelewa, akaiandika kwenye rejista chini ya mkataba wa 2014, na akanipa namba ya faili kwenye kikaratasi. Kikaratasi kiko kwenye pochi yangu.