ADHD: kuna wanaopewa dawa haraka na kuna wanaopewa fimbo

Mtoto wa dada yangu yuko la tatu, daftari lake la hesabu ukilifungua utakuta swali la kwanza kafanya, la pili kafanya nusu, halafu kuna basi la mwendokasi limechorwa hadi abiria waliosimama. Ripoti ya shule inasema anacheza sana. Bibi yake anasema kadekezwa, jirani anasema aombewe, na juzi mtu kamwambia dada ampeleke akapimwe ADHD, ile hali ya ubongo inayomfanya mtoto ashindwe kutulia na kukaza mawazo, apewe dawa atulie.

Atulie! Kama vile ndo kazi ya dawa.

Wenzetu Marekani, takwimu za CDC, taasisi yao ya serikali ya kudhibiti magonjwa, za 2022 zinaonyesha watoto kama milioni 7, asilimia 11.4 ya wenye miaka 3 hadi 17, wameshawahi kuambiwa wana ADHD. Wengi wanayo kweli, sibishi. Ila kuna utafiti wa British Columbia, Kanada, ulitoka 2012, waliangalia watoto zaidi ya laki tisa wakakuta wavulana waliozaliwa Desemba waliambiwa wana ADHD kwa asilimia 30 zaidi ya wale wa Januari, na kwenye kupewa dawa ni asilimia 41 zaidi. Kisa nini, kule umri wa kuanza shule unakatwa 31 Desemba kwahiyo wa Desemba ndo kitinda mimba wa darasa, anaachwa karibu mwaka mzima na mwenzie wa dawati moja, yani utoto wenyewe unaandikiwa dawa. (Wetu kazaliwa Novemba, nimeshamwambia dada.)

Sasa nyie wa "hayo magonjwa ya wazungu" msishangilie. ADHD ipo, na kuna watoto ambao methilifenideti, ile wengi wanaijua kwa jina la Ritalin, inawasaidia kabisa. Tatizo Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikataa kuiweka kwenye orodha ya dawa muhimu 2019 na tena 2021, wakasema ushahidi wa faida na madhara haujakaa sawa, na nchi kama zetu ndo orodha hiyo zinaitazama zikipanga dawa za hospitali za serikali. Kwahiyo mwenye hela anahangaika ataipata, asiye na hela mwanae anakula fimbo. Kanuni zetu zinasema viboko visizidi vinne na viandikwe kwenye kitabu, haya, nyie mliosoma shule zetu mlishakiona hicho kitabu?

Mimi naona serikali ibane kwenye kupima halafu ilegeze kwenye kutibu. Dalili zionekane nyumbani na shuleni, sio sehemu moja tu, ziwe zimeanza kabla ya miaka 12, na kwanza mtoto aangaliwe macho, masikio na anavyolala usiku, maana asiyeona ubao lazima atachora mabasi. Uingereza mwongozo wa 2018 wa NICE, taasisi yao inayoandika miongozo ya matibabu, kwa walio chini ya miaka 5 unaanza na mafunzo kwa wazazi, dawa kwa watoto wa miaka 5 na kuendelea inakuja pale mazingira yamerekebishwa na bado shida ipo. Hilo la mafunzo halihitaji mashine yoyote. Na akishathibitika anaihitaji, dawa ipatikane hospitali ya mkoa na bima iilipie, mzazi asifunge safari ya Dar kila mwezi kufuata vidonge.

Ila hizo dalili za shuleni ni mwalimu wa kuzijaza kwenye fomu, na mwenye watoto mia darasani atajaza ya nani? Ukweli hapo ndo pagumu, fomu iwe ukurasa mmoja, ya Kiswahili.