Nimeenda Jinja kuangalia Nile inapoanzia, nikaishia kuzunguka viwanda

Mi ni mtu wa Mwanza, ziwa nimelikuta mlangoni, kwa hiyo nilivyowaambia washkaji naenda Jinja wakanicheka, wakaniuliza unaenda kuangalia maji gani ambayo hapa Kirumba hayapo. Nikawaambia naenda kuangalia yanapotokea. Maana ukikaa ukafikiria, Ziwa Victoria lote hili, na mito yote inayomwaga humo, Kagera, Mara, Simiyu, Nzoia, mlango wa kutokea ni mmoja tu, na upo Jinja.

Nilipitia Kenya badala ya Bukoba. Sirari, Kisumu, Busia. Pale Busia siku hizi unagongewa muhuri wa kutoka Kenya na wa kuingia Uganda kwenye jengo moja, ukiwa na pasipoti na kadi ya homa ya manjano huna wa kukusumbua zaidi ya wale jamaa wa kubadilisha hela wanaokufuata mpaka chooni. Ukivuka unapanda hiace, wenyewe wanaiita taksi, na usije ukafikiri utakaa peke yako kwa sababu imeitwa taksi, mnabanana kama kawaida. Bugiri, Iganga, halafu ghafla pande zote mbili za barabara ni miwa mpaka macho yanachoka.

Hiyo ndo Kakira. Kiwanda cha sukari cha akina Madhvani, kilianza mwaka 1930, mwanzilishi wake Muljibhai Madhvani alikuja Afrika Mashariki akiwa kijana mdogo sana na akaanzia kwenye biashara ya duka. Mwaka 1972 Idi Amin akawapa Wahindi siku 90 waondoke, familia ikaondoka, mashamba na mitambo vikabaki vinajifia, na walivyorudi katikati ya miaka ya 1980 wakaanza kufufua karibu upya. Sasa hivi kiwanda kinachemsha, harufu ya molasesi inakupiga kabla hujaona bomba la moshi, na ndani ya gari hakuna hata mtu anayegeuza shingo, wameshazoea.

Jinja yenyewe imepewa hadhi ya jiji mwaka 2020 ila ukifika unaona ni mji uliotulia, barabara pana zilizonyooka, miti mikubwa, korongo wale wale wenye vipara tulionao Mwanza wamekaa juu ya mapaa kama wanangoja pensheni. Main Street ndo mtaa wa kutembea kwa miguu, na usikimbie. Inua kichwa juu ya maduka ya simu na mitumba, utaona majengo ya Wahindi ya miaka ya 1920 na 1930, mengine yameandikwa jina la mwenyewe na mwaka juu kabisa kwenye ukuta, baraza za mbele zenye nguzo, balkoni zimekula kutu. Mengine yamepakwa rangi yakawa mgahawa wa wazungu wanaokuja kuendesha maboti ya mpira mtoni, mengine yanamomonyoka tu. Wengi waliojenga walifukuzwa 1972 na majina yao bado yapo ukutani. Mi nilisimama muda mrefu pale mpaka muuza chapati akaniuliza ssebo, yaani bwana, umepotea? Nikamwambia hapana, nitengenezee rolex. Chapati yao inaviringishwa na mayai, nyanya, kabichi na kitunguu, na aisee Mwanza tunapoteza muda na chapati na chai.

Bodaboda akanipeleka chanzo cha Nile. Kuna kiingilio, mgeni wa Afrika Mashariki unalipa kidogo kuliko mzungu, halafu unashuka ngazi mpaka kwenye boti. Pale bustanini kuna sanamu ya Gandhi, watu wengi wanashangaa anatafuta nini. Sehemu ya majivu yake ilimwagwa hapa mwaka 1948, na sanamu ikazinduliwa 1997 na waziri mkuu wa India wa wakati huo. Wahindi wanaokuja wanavua viatu. Ng'ambo ya pili, upande wa Njeru, kuna mnara wa Speke, yule mpelelezi Mwingereza aliyekuja kutafuta chanzo cha Nile.

Sasa hapa lazima niwachoshe kidogo, maana Speke na sisi watu wa Mwanza tuna historia. Ziwa aliliona kwa mara ya kwanza upande wetu, Agosti 1858, na ndo maana mpaka leo tuna Ghuba ya Speke. Akarudi Uingereza akasema hiki ndo chanzo cha Nile, mwenzake Burton akamwambia huna ushahidi. Akaja tena, akafika hapa Jinja tarehe 28 Julai 1862, akakuta maji yanaporomoka kutoka ziwani juu ya miamba, akayaita maporomoko ya Ripon kwa jina la bwana mkubwa mmoja wa chama chao cha jiografia. Wenyeji walikuwa wanavua samaki hapo tangu zamani, kwa hiyo aligundua nini hasa mi sijui.

Ila kitu ninachokipenda ni kwamba kwenye safari zote mbili alikuwa na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani India akiwa mtoto akaja kurudi Zanzibar mtu huru. Speke mwenyewe ameandika kwamba walipofika pale aliwaambia watu wake wanyoe vichwa na kuoga kwenye mto huu mtakatifu alikolazwa Musa, na Bombay akamjibu kwamba wao kama Waislamu mambo hayo hawayaangalii kwa macho hayo. Yaani mzungu anatetemeka kwa furaha, na jamaa aliyemfikisha anaona mto tu. Kwenye mnara sikuona jina la Bombay popote.

Boti ikasogea mpaka pale wanaposema ndo penyewe, kuna kibao, maji yanabubujika kutoka chini kama yanachemka. Kijana wa boti anasema tone likitoka hapa linafika Misri baada ya miezi mitatu, na lazima nikiri anaisema vizuri, na vituo vya kupumzika. Mnandi wamekaa kwenye matawi, kenge anaota jua, na wavuvi wanapita na mitumbwi kama vile watalii hatupo. Nikamuuliza, maporomoko ya Speke yako wapi? Akanionyesha chini, "iko humu, maji ilifunika."

Na hiyo ndo habari ya Jinja nzima kwa maoni yangu. Watu tunakuja kuona kitu ambacho hakipo, na kilichokizamisha ndicho kilichojenga mji. Churchill alipita hapa 1907 akaona nguvu yote ile inapotea bure, akaandika kwamba ingefaa iendeshe mitambo. Miaka 40 baadaye Waingereza wakaanza kujenga bwawa kilomita chache chini ya hapo, kwenye maporomoko ya Owen, na Malkia Elizabeth akaja kulifungua mwenyewe Aprili 1954. Mitambo 10, megawati 150 kwa ujumla. Maji yakapanda, Ripon ikazama, Owen yenyewe ikawa ukuta wa zege. Misri ilichangia pesa na ikawa na injinia wake anayekaa Jinja kuangalia maji yanayoachiliwa, maana kwao huu mto ndo uhai, na ziwa letu likageuka tangi lenye koki. Mtu wa Mwanza ukilielewa hilo unaliangalia bwawa kwa jicho tofauti kabisa, kina cha maji ya Kirumba kinaamuliwa na mvua lakini na hapa pia wana mkono wao.

Umeme ukaja, viwanda vikaufuata. Hapo ndo nilipoachana na utalii nikamwambia bodaboda anipeleke Walukuba, akashangaa, mgeni haendi kule. Walukuba ni nyumba za wafanyakazi zilizojengwa enzi za mkoloni, safu kwa safu, na kiukweli ndo sehemu niliyojisikia nyumbani kuliko zote, maana Kiswahili kipo. Kwingine Uganda ukiongea Kiswahili wazee wanakutazama kidogo, wengi bado wanakikumbuka kama lugha ya wanajeshi na majambazi. Walukuba ilijaa watu wa makabila yote na kutoka nchi jirani, Wajaluo wa Kenya wengi tu, mpaka mwaka 1970 serikali ya Obote ilipowaondoa maelfu ya wafanyakazi wa Kikenya nchini, miaka miwili kabla ya Wahindi. Hilo huwa halisemwi sana.

Nilikaa na mzee mmoja nje ya kiosk, nikamwamkia shikamoo, akacheka akasema hiyo salamu ya Watanzania hajaisikia tangu 1979. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha kuyeyusha shaba. Shaba ilikuwa inachimbwa Kilembe, kule Kasese chini ya Rwenzori, inapanda treni, inavuka karibu nchi nzima kuja kuyeyushwa Jinja kwa sababu umeme upo hapa. Ilianza 1956, ikafa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Akanihadithia joto la tanuru, maziwa waliyokuwa wanapewa wakimaliza zamu, na jinsi vipuri vilivyoanza kukosekana wakati wa Amin, mashine moja ikifa wanachukua vyuma vyake kutibu nyingine mpaka hakuna ya kutibu. Upande wa nguo kulikuwa na NYTIL kule Njeru, kiwanda kikubwa cha kusokota na kufuma pamba, leo kipo chini ya wenye wengine na bado kinatoa vitambaa. Mi nikamwambia sisi tulikuwa na Mwatex, akasema anaijua, pamba ni ndugu.

Halafu akaniambia kuhusu miili. Wakati wa Amin watu waliouawa walikuwa wanatupwa mtoni na mingine ilikuwa inakuja kunasa bwawani. Alisema hivyo akanyamaza akaagiza soda nyingine. Majeshi yetu yaliingia Jinja Aprili 1979, siku chache baada ya Kampala, na hofu kubwa ilikuwa bwawa lisije likalipuliwa. Halikulipuliwa. Mzee anakumbuka wanajeshi wa Tanzania wakitembea kwa miguu, wamechoka, wanasalimia watu barabarani.

Kuna maporomoko mengine nayo yamezama, Bujagali, hayo ni ya juzi tu. Bwawa la megawati 250 lilizinduliwa 2012, na kabla ya hapo ilibidi zifanyike ibada kwa mizimu ya Basoga, wenyeji wa huku, inayokaa pale, kukawa na mabishano makubwa nani hasa ana haki ya kuihamisha. Maboti ya watalii yakasukumwa chini zaidi mpaka Itanda, huko maji bado yana hasira, nilienda kuangalia kwa mbali tu, mi kuogelea najua ila siyo kwa namna ile.

Kama unataka kwenda, usiende kwa kupita ukitokea Kampala asubuhi ukarudi jioni, ni kilomita kama 80 tu na ndo wanavyofanya wengi, wanapiga picha kwenye kibao basi. Lala. Tembea Main Street siku ya kazi, kula sangara wa kukaanga kule Masese kwa wavuvi, vuka Njeru. Daraja jipya lile la nyaya lililofunguliwa Oktoba 2018, mita 525, zuri sana usiku lakini ukitoa simu upige picha askari anakuja, na bwawani ni hivyo hivyo. Kilembe wamekuwa wakisema kwa miaka shaba itachimbwa tena, mzee wa Walukuba nilimuuliza kama anaamini, akasema ikianza wamwite, anajua swichi zote zilipo.