Mpira Wangu Ulivyoacha Kukimbilia Kulia

Mimi ni mchezaji wa gofu wa ridhaa, nafanyia mazoezi kwenye kiwanja cha vumbi hapa Isevya, Tabora. Juzi juzi nilikwenda Morogoro kwenye mashindano yaliyodhaminiwa na kampuni moja: fulana bure, kofia bure, chakula bure. Aibu nilijigharamia mwenyewe.

Kila nikipiga draiva, ile fimbo ndefu ya kupigia mbali, mpira unaanza vizuri, kisha unakata kulia hadi vichakani. Nilipoteza mitatu. Tangu 2019 sheria inakupa dakika 3 tu za kutafuta. Zikiisha, unarudi ulikopigia na kuongezewa mkwaju mmoja wa adhabu.

Nilidhani nguvu hazitoshi, nikawa nakamua zaidi. Ndiyo kwanza ukapinda zaidi! Niliporudi, shemeji akanirekodi kwa simu. Kumbe fimbo ilishuka kutoka nje ikivuka kuja upande wangu, na uso wake ulikuwa wazi, yaani umegeukia kulia, ikigusa mpira. Hapo lazima mpira uzunguke kuelekea kulia.

Kwanza nikarekebisha mshiko: mkono wa kushoto nikaugeuza kulia kidogo, hadi nikitazama chini naona vifundo viwili, karibu vitatu. Kisha nikaweka boksi tupu la biskuti nyuma kidogo ya mpira, upande wa mbali nami. Fimbo ikishuka kwa njia ya zamani, inaligonga. Siku ya kwanza niliua maboksi manne.

Wiki ya tatu, mipira minane kati ya kumi inaelekea kwenye mwembe niliouchagua. Miwili bado inawasumbua mbuzi wa jirani.