Leo ni Siku ya Ngapi?

Shemeji yangu alitoka bafuni ameshika kipande cha sabuni. Akakinusa, akakigeuza, akakinusa tena. "Shemeji, hii sabuni vipi? Mbona haina harufu kabisa?"

Nikaipokea. Ilikuwa inanukia mpaka inakera.

Ilikuwa Alhamisi, tarehe 2 Julai 2020. Kufikia siku hizo za korona hakuna aliyehitaji kufafanuliwa maana ya sabuni isiyonukia. Nilimrudishia kwa ncha za vidole, kisha nikaenda jikoni kunawa mikono kwa sabuni nyingine. Aliniona, na mpaka leo nikikumbuka naona haya.

Tulikuwa watu sita: mimi na mume wangu, watoto wetu wawili, mama mkwe aliyekuwa na miaka 71 na shinikizo la damu, na huyo shemeji, mdogo wa mume wangu. Vyumba vinne vya kulala, bafu moja, na choo humo humo ndani ya bafu. Naitaja hiyo bafu mapema kwa sababu kila mwongozo tuliousoma baadaye ulisema mgonjwa atumie bafu yake peke yake "ikiwezekana". Neno hilo moja lilitupa kazi kubwa. Haikuwezekana, basi ikawa shemeji anaingia wa mwisho, anafuta kila alichogusa kwa dawa, dirisha linaachwa wazi, na mama haruhusiwi kuingia mpaka saa nzima ipite. Mzee wa miaka 71 na shinikizo la damu, umwambie asubiri saa nzima!

Shemeji alipimwa Jumamosi. Jumanne jioni simu ikalia. Ilikuwa sauti ya mtu aliyechoka, bila shaka alikuwa amekwisha kuisema sentensi hiyo mara nyingi siku ile: ana virusi, ajitenge siku kumi, ninyi wengine mkae ndani siku kumi na nne. Nikashukuru, nikakata. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni, mikono imefungwa kifuani.

"Kuanzia lini?"

Sikuwa nimeuliza.

Swali hilo dogo ndilo lililotutawala kwa siku zilizofuata. Kuanzia Alhamisi, sabuni ilipopoteza harufu? Kuanzia Jumamosi, alipopimwa? Au Jumanne, tulipoambiwa? Shemeji aliyekuwa ndani ya chumba alichagua Alhamisi, kwa sababu anazozijua mwenyewe. Mimi nilichagua Jumanne kwa woga. Mume wangu, ambaye akiona jambo haliko sawa huchukua rula, alitundika kalenda ukutani akaanza kuchora mistari kwa kalamu tatu: nyekundu ya mgonjwa, buluu ya sisi wengine, nyeusi ya "huenda". Ile nyeusi iliisha wino kwanza.

Halafu kukawa na suala la sifuri. Siku dalili zilipoanza, hiyo ni siku ya kwanza au ni siku ya sifuri? Mnaweza kucheka, lakini ni tofauti ya siku nzima, na watu wazima wawili walinuniana kwa ajili yake kuanzia mchana mpaka usiku. (Ilikuwa sifuri. Nilishindwa mimi.)

Mtoto wetu mkubwa, aliyekuwa na miaka 12, alikuja kusimama mbele ya kalenda, akafuatisha mistari kwa kidole. "Baba mdogo ndiye anaumwa, na anatoka tarehe 12. Sisi hatuumwi, tunatoka tarehe 16. Sasa si afadhali kuumwa?"

Hakuna aliyemjibu mara moja. Mimi mwenyewe niliona mtu fulani ofisini amekosea kuandika. Ilinibidi nisome usiku kucha kwenye simu ndipo nielewe kwamba hizo ni saa mbili tofauti, zinapima vitu viwili. Aliyekwisha kuugua anaambukiza zaidi siku chache kabla na baada ya dalili kuanza, na ikiwa ugonjwa haukumzidi, kufikia siku ya 10 huwa amepita hatari hiyo. Ambaye hajaugua yuko gizani bado: virusi vinaweza kukaa ndani yake hadi siku 14 kabla ya kujionyesha, ingawa kwa wengi huchukua siku tano au sita. Kwa hiyo mgonjwa anamaliza jambo linalojulikana mwanzo wake, na mzima anasubiri jambo ambalo pengine halipo. Nilipomweleza mwanangu asubuhi alifikiri kidogo, akasema, "Bado afadhali kuumwa."

Baba yao, ili kuwachangamsha, akawaambia kwamba neno karantini lenyewe lilitoka kwenye arobaini ya Kiitaliano, kwa sababu zamani za tauni meli zilizofika Venice zilizuiliwa siku 40 kabla watu kuteremka. Mama mkwe alikuwa anasikiliza kutoka kwenye kiti chake karibu na dirisha. "Heri hao," akasema, "walipewa hesabu moja."

Na kweli. Jamaa wa mbali walitutumia kila walichokiona. Uingereza mwezi Machi walikuwa wamesema mgonjwa siku 7, nyumba nzima siku 14. Shirika la Afya Duniani lilisema siku 10 tangu dalili zianze, na juu yake angalau siku 3 bila dalili. Shemeji homa ilimwachia mapema, lakini harufu haikurudi. Je, kutosikia harufu ni dalili? Kama ndiyo, basi hatoki, kwa maana harufu ilimrudia Septemba! Marekani waliandika wazi kwamba hiyo haihesabiwi, inaweza kukaa wiki nyingi na isimzuie mtu kutoka. Shemeji aliwapenda sana Wamarekani siku hiyo, akaupitisha ujumbe huo chini ya mlango umeandikwa kwa mkono, na sentensi yenyewe ameipigia mstari mara mbili.

Lakini Wamarekani hao hao walikuwa na kifungu kingine, ambacho mume wangu alikisoma kwa sauti halafu akanyamaza. Kama unaishi na mgonjwa na huwezi kujitenga naye kabisa, siku zako 14 zinaanza baada ya yeye kumaliza zake 10. Siku 24. Tukaitazama bafu.

Kila asubuhi mama aliuliza swali lile lile, "Leo ni siku ya ngapi?" na alipata majibu manne. Shemeji akipiga kelele kutoka ndani, mume wangu kutoka kwenye kalenda, mimi kutoka jikoni, na mtoto wetu mdogo wa miaka sita, ambaye alikuwa na hesabu yake binafsi iliyokuwa imefika mia na kitu. Mama alikuwa anatikisa kichwa, basi.

Sasa nifike Ijumaa, tarehe 10.

Jioni ile koo lilikuwa linaniwasha. Si maumivu, ni kama unywele umenasa. Nilijiambia ni dawa ya kufutia bafu, na ilikuwa inawezekana kabisa, dawa ile ilikuwa kali. Lakini niliiangalia pia kalenda. Kwa mstari wa buluu tulikuwa tumebakiza siku sita. Alhamisi ijayo ningefungua mlango, ningetembea mpaka mwisho wa barabara na kurudi, bila sababu yoyote. Nilikuwa nimeshaipanga safari hiyo kichwani, hata viatu nilikuwa nimevichagua. Na nilijua kwamba nikitamka neno koo, mume wangu atachukua rula.

Nikanyamaza. Nikavaa barakoa, nikampelekea mama vidonge vyake vya usiku na maji, kama kila siku. Nilimwekea mezani, nikasogea nyuma mpaka mlangoni, nikasubiri ameze. Kisha kikohozi kikanijia. Nikakimbilia bafuni, nikafungulia bomba mpaka mwisho, nikakohoa ndani ya taulo. Bomba likatiririka muda mrefu kuliko mtu anavyonawa. Chumba cha mama kimepakana na bafu.

Jumamosi asubuhi kipimajoto kilionyesha 38.4, hapo hapakuwa na la kuficha. Nikasema imenianza asubuhi hii. Hivyo ndivyo nilivyosema, "asubuhi hii", na mume wangu akaandika tarehe 11.

Nyumba iliyokuwa na mgonjwa mmoja na chumba kimoja cha mgonjwa sasa ilikuwa na wagonjwa wawili. Huwezi kumweka mtu na shemeji yake chumba kimoja, hata janga lina mipaka. Nikabaki chumbani kwetu, mume wangu akahamishia godoro sebuleni. Niliwasikia kupitia mlangoni wakipiga simu ya msaada, wameiweka spika. Swali: nyumba ikipata mgonjwa wa pili, waliobaki wanaanza upya? Mwanamke aliyepokea akasema ndiyo, mnaanza upya, siku kumi na nne kutoka kwa mgonjwa mpya. Saa mbili baadaye mume wangu akapiga tena, nadhani alitumaini amesikia vibaya. Akapokea mwanamume. Hapana, akasema, zile kumi na nne za kwanza zinaendelea, anayeugua ndiye anahesabu zake mwenyewe. Wote wawili walikuwa wapole, na wote wawili walikuwa na hakika. Hatukupiga mara ya tatu, tuliogopa jibu la tatu.

Usiku huo mume wangu aliketi na karatasi upande wa pili wa mlango wangu, akanifanyia hesabu kwa sauti. Tuseme tunaanza upya kila mara, na kila mmoja anaugua siku ya 13 baada ya mwenzake. Mtu wa sita ataugua siku ya 65. Aongeze kumi zake, 75. "Mwezi wa tisa," akasema. Kisha tukaanza kucheka, yeye huko mimi huku, mpaka kikohozi kikanizidi na akaacha kucheka.

Tulichagua jibu refu, kwa ajili ya mama. Tulianza upya kutoka tarehe 11. Shemeji alitoka Jumapili amepauka, amefuga ndevu, akakaa na watoto akiwa amevaa barakoa kwa hiari yake. Mimi nililala siku nne ambazo sizikumbuki vizuri, halafu nikawa sawa, isipokuwa uchovu. Sahani ilikuwa inawekwa juu ya kigoda nje ya mlango, mtu anagonga mara mbili, nasikia ndala zikirudi nyuma.

Jambo ambalo sikuligundua wakati ule: kuanzia Jumamosi ile mama aliacha kuuliza leo ni siku ya ngapi. Nilidhani amechoka na majibu yetu.

Kila usiku nikiwa mle ndani nilikuwa nasikiliza ukuta. Kama atakohoa. Nilihesabu siku zake kwa tarehe yangu halisi, ile ya kumi, kimya kimya, huku kalenda ya sebuleni ikihesabu kwa tarehe ya uongo. Siku ya tano ikapita, ya sita, ya tisa. Hakukohoa. Nilipotoka chumbani nilimkuta kwenye kiti chake kando ya dirisha, akaniambia nimekonda, akageukia nje.

Siku ya 14 iliangukia Jumamosi, tarehe 25. Watoto walikuwa wamevaa viatu tangu alfajiri. Mume wangu alisimama mbele ya kalenda na kalamu ya buluu, akatuita wote kama mtu anayezindua daraja. "Haya," akasema, "leo ndiyo ya mwisho."

"Ya mwisho ilikuwa jana," mama akasema.

Mume wangu akacheka. "Hapana, mama. Umeruka siku. Tumeanza tarehe kumi na moja, angalia hapa."

Mama hakuiangalia kalenda. Alinitazama mimi.

"Sijaruka," akasema. Kisha, kwa sauti ile ile ya kawaida, "Mwanangu, hebu kafunge bomba la bafuni, nalisikia linatiririka."

Nilikwenda. Bomba lilikuwa limefungwa.