Mduara wa Mama Uliobaki Mweupe

Kabla ya masika ya mwaka 2014, ugonjwa wa baba ulikuwa na maelezo mawili, na yote mawili yalimtafuta mtu wa kubebeshwa lawama. Majirani zetu wa Magomeni walisema kwamba amekuwa mlevi, kwa kuwa alikwenda msikitini akiyumba, ilhali hakuwahi kuonja pombe maishani mwake. Ndugu zake wa Rufiji walisema kwamba mama amemtilia limbwata, kwa sababu mtu aliyekuwa mchangamfu na mwepesi wa kazi alikuwa amepoa, akishinda barazani bila hamu ya jambo lolote, kisha ghafla akifoka kwa ajili ya chumvi iliyopungua kwenye mchuzi. Mama aliyasikia hayo yote na hakujibu.

Baba alikuwa fundi cherehani Kariakoo, na dalili tuliziona kwenye vitambaa kabla ya kuziona mwilini mwake. Mishono ya kanzu zake, ambayo watu walitoka mbali kuifuata, ilianza kupinda karibu na kola. Vidole vyake vilichezacheza hata alipovilaza magotini, na alipotaka kutunga uzi kwenye sindano, mkono ulimtoka pembeni kwa nguvu ambayo hakuikusudia. Baadaye mabega na uso vikafuata, kisha miguu.

Siku ninayoikumbuka, daktari wa mishipa ya fahamu alikuwa ametuita kama familia baada ya majibu ya damu ya baba kurudi kutoka maabara ya Afrika Kusini. Tulikwenda na mama, mdogo wangu wa kike, na shangazi, ambaye alisafiri kutoka Utete kwa ajili hiyo. Daktari hakuanza na majibu. Alichukua karatasi tupu, akamgeukia shangazi kwa heshima, akamwuliza kama katika ukoo wao kulikuwa na mwingine aliyepata kuwa na hali kama ile.

Shangazi aliishika ncha ya ushungi wake kwa muda. “Marehemu baba yetu alikuwa hivi hivi,” alisema hatimaye. “Tulimpeleka kwa waganga akapungwa, ngoma zikapigwa usiku kucha, asipone. Mwisho alipaliwa na uji, akafa.” Kisha akamtaja na baba mkubwa, aliyefariki akiwa ameanza kuanguka ovyo njiani.

Daktari alikuwa akichora huku akisikiliza: miraba kwa wanaume, miduara kwa wanawake. Mraba wa babu aliujaza wino, wa baba mkubwa vilevile, akaikata yote miwili kwa mstari kuonyesha kwamba wenyewe hawapo tena. Wa baba aliujaza bila mstari. Alipofika kwenye mduara wa mama, aliuacha mweupe. “Huyu hahusiki,” alisema. “Ugonjwa huu haukuletwa na chakula, wala dawa, wala mtu. Umeshuka ndani ya damu ya ukoo.”

Alituambia kwamba unaitwa ugonjwa wa Huntington, kwa jina la George Huntington, daktari wa Marekani aliyeueleza kwa maandishi mwaka 1872, na kwamba jeni yenyewe, yaani kipande cha maelekezo ya mwili ambayo mtoto huyarithi kwa wazazi, iligunduliwa mwaka 1993 katika kromosomu ya 4. Ndani ya jeni hiyo kuna herufi tatu, CAG, zinazojirudia. Kwa watu wengi hujirudia mara 26 au pungufu. Anayefikisha 40 na kuendelea ataugua akijaliwa umri wa kutosha, na baba alikuwa na 44. Protini inayotengenezwa kwa maelekezo hayo yaliyorefuka huziharibu polepole chembe za ubongo, hasa katika sehemu za ndani zinazoongoza mwendo wa viungo, na pamoja na mwendo huharibika pia hamu, hasira na uwezo wa kupanga mambo. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ule upole wa barazani, uliohesabiwa kuwa ushahidi dhidi ya mama, ulikuwa dalili ya ugonjwa sawasawa na mkono uliokataa kutulia.

Shangazi naye alielewa. Hakungoja tutoke. “Wifi, nisamehe, nilikudhania,” alisema mbele yetu sote, na mama akamjibu, “Yamekwisha, wifi. Tumsikilize daktari.”

Ilikuwa haki kuusikiliza zaidi upande wetu wa karatasi, kwa maana chini ya baba kulikuwa na mraba wangu na mduara wa mdogo wangu, yote mitupu. Mdogo wangu aliuliza kama mmoja wetu akiurithi, mwingine amesalimika. Daktari alikataa: kila mtoto ana nafasi ya asilimia 50 peke yake, kama shilingi inayorushwa upya kila mara, na lililompata mmoja halimwongezei wala kumpunguzia mwenzake. Shangazi akauliza juu ya wanawe. Akajibiwa kwamba ugonjwa hauruki kizazi. Kama yeye hana jeni hiyo iliyorefuka, wanawe hawawezi kuirithi kutoka kwake, na kule kuvuka miaka 60 bila dalili kulikuwa kumepunguza sana uwezekano wa kuwa nayo.

Tuliambiwa kwamba kipimo kipo kwa anayekitaka, na kwamba halazimishwi mtu. Mdogo wangu alipima baadaye, nami sijapima. Majibu yake ni yake, na naona kila mmoja wetu alichagua sawa.

Hakuna dawa ya kuuponya. Baba alianzishiwa haloperidol kidogo ili kupunguza mitikisiko, na mama akafundishwa kumkalisha wima anapokula, kumpa chakula laini mara nyingi kwa siku, na kuuongezea uji wake maziwa na karanga zilizosagwa, maana mwili usiotulia huteketeza chakula kingi.

Shangazi aliomba nakala ya ule mchoro, akarudi nao Utete, akawasomea ndugu mmoja mmoja. Mwaka uliofuata, mtoto wa marehemu baba mkubwa alipoanza kuangusha vikombe, hakupelekwa kupungwa. Shangazi alimpandisha basi la Dar es Salaam, akatupigia simu kwamba tumpokee Mbagala tumpeleke kwa daktari yule yule.