Chini ya Kichwa cha Usalama

Februari 2008, baada ya ghasia za uchaguzi nchini Kenya, katika kambi moja ya wakimbizi wa ndani mjini Eldoret, nilikuwa karani wa kamati ya usalama. Wanakamati walikuwa wanaume saba. Mimi niliitwa kwa kuwa ni mwalimu na hati yangu husomeka. Kura sikuwa nayo.

Siku hizo redio haikuzimwa. Kule Nairobi, Kofi Annan, Graça Machel na Benjamin Mkapa walikuwa wakizipatanisha serikali na upinzani. Kila upande ulileta wajumbe wanne, na kati ya hao wanne mwanamke mmoja tu: Martha Karua upande wa serikali, Sally Kosgei upande wa ODM, chama cha upinzani. Tuliwahesabu tukiwa kwenye foleni ya maji.

Kikao cha siku hiyo kilizungumzia lango, wageni wa usiku na uvumi wa kuvamiwa. Wazee walikalia viti, akina mama nyasi. Mama mmoja akasimama, leso kiunoni.

“Vyoo viko mbali na hakuna taa. Wasichana wetu wanashikwa huko.”

Mwenyekiti akamjibu kwa upole, “Mama, hayo ni mambo ya usafi. Tutayapeleka kwa wahusika. Mwalimu, hilo usiandike.”

Hemani mwangu alilala msichana aliyerudi kutoka huko usiku mmoja, nguo imeraruka. Siku mbili hakutamka neno. Nani angeniambia kwamba huo ni usafi? Niliandika. Nililiweka chini ya kichwa cha Usalama, namba moja, kabla ya lango.

Azimio 1325 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, linalotaka wanawake washirikishwe katika mambo ya amani na walindwe dhidi ya ukatili wa aina hiyo, lilipitishwa Oktoba 2000. Mimi nililisikia baadaye sana, Kenya ilipotoa mpango wake wa 2016 wa kulitekeleza, “Kuhusisha Wanawake ni Kudumisha Amani”. Kumbe siku ile lilikuwa na zaidi ya miaka saba, na kambini hakuna aliyetutajia. Bado linaniuma.

Kikao kilichofuata nilisoma kumbukumbu kwa sauti. Nilipofika namba moja, mwenyekiti aliinua uso, akanitazama, kisha akawatazama akina mama pale nyasini. Hakuna aliyekohoa. Akaomba kalamu, akatia sahihi.

Jioni yule mama alinijia. Hakujua kusoma. Akaomba nimwonyeshe mstari wake, akauwekea kidole, akauliza, “Ni huu?”

“Ndio huu, mama.”