Samaki Wanunuliwe Mwisho

Tangi la kufugia samaki wa mapambo, filta ya kuchuja maji yake na samaki kumi na watano wakibebwa nyumbani siku moja, wiki ya pili samaki wanaanza kufa mmoja mmoja huku maji yanang'aa kama ya kunywa. Maji kung'aa hakusemi lolote. Amonia haina rangi, na kwa kiasi kinachoua samaki pua ya binadamu hainusi kitu.

Samaki hutoa amonia kupitia matamvua, na chakula kilichobaki chini kikioza huongeza nyingine. Bakteria wa aina moja huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu kwa sababu huingia kwenye damu na kuizuia isibebe oksijeni. Aina ya pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, na hiyo samaki huivumilia isipozidi sana. Bakteria hawa hawaelei majini. Hung'ang'ania sponji ya filta, changarawe na kuta za kioo, na tangi jipya halina hata utando wao. Kuwaotesha huchukua wiki 4 hadi 6, bila samaki hata mmoja ndani.

Jaza maji, ondoa klorini, washa filta, weka hita nyuzi 27. Tia amonia tupu isiyo na sabuni wala manukato (itikise chupa, povu likikaa, iache dukani) mpaka kipimo kisome miligramu 2 kwa lita. Pima kila baada ya siku mbili, na ikikaribia sifuri irudishe kwenye 2. Nitriti itapanda na kukaa juu kwa muda wa kukatisha tamaa, kisha itashuka ghafla. Tangi liko tayari siku ambayo umetia miligramu 2 na kesho yake saa ileile amonia na nitriti zote zinasoma sifuri. Nitrati itakuwa imejaa, kwa hiyo badilisha karibu maji yote, shusha joto hadi 25, ndipo ukanunue samaki. Kama amonia tupu haipatikani, dondosha chembe za chakula kila siku zioze. Njia hiyo ni ya polepole na inachafua, lakini inafika. Njia ya mkato iliyo ya kweli ni kupata kipande cha sponji kutoka filta ya tangi lenye afya, kikasafirishwa kikiwa kimelowa na kuingizwa kwenye filta yako saa hiyohiyo. Bakteria wa chupa wapo wanaofanya kazi na wapo ambao ni maji tu, kwa hiyo amini kipimo kuliko lebo. Na vipimo vinunuliwe vya matone. Vile vya vikaratasi huonyesha rangi inayoweza kusomwa namna tatu na watu watatu.

Klorini ya maji ya bomba huruka yenyewe maji yakikaa siku nzima na pampu ya hewa ikipuliza. Kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, hairuki. Usipojua maji yako yametiwa ipi, tumia dawa ya kuondoa klorini kila mara.

Kuhusu ukubwa, usianze na tangi dogo kwa kudhani ni rahisi. Katika lita 20 kosa la asubuhi limekuwa sumu ifikapo jioni. Katika lita 100 unapata siku mbili za kulirekebisha. Zidisha urefu kwa upana kwa kimo, kwa sentimita, kisha gawanya kwa 1000. Tangi la 80 kwa 35 kwa 40 ni lita 112 kwenye karatasi, ila ukiacha nafasi juu na kuweka changarawe sentimita 5, maji halisi ni kama lita 92. Dozi ya dawa huhesabiwa kwa hizo 92. Pamoja na kioo na changarawe mzigo unapita kilo 120, kwa hiyo meza ya kawaida haifai. Kioo kisipokalia mahali tambarare, ufa huanzia kwenye kona.

Kabla ya kuchagua samaki tazama ndani ya birika lako la kuchemshia maji. Likiwa na ukoko mweupe, maji yako ni magumu, na samaki wake ni gapi, plati na moli. Birika likibaki safi miezi na miezi, maji ni laini, na hapo ndipo neoni tetra, rasbora na koridora hustawi. Wauzaji wengi huwaweka neoni na gapi pamoja kwa sababu wanapendeza. Wataishi, lakini upande mmoja utakuwa unavumilia. Kufuata maji yanayotoka bombani ni rahisi kuliko kupigana nayo kwa dawa za pH (kipimo cha uasidi wa maji), ambazo leo zinashusha na keshokutwa pH imerudi ilipokuwa. Samaki huumizwa zaidi na kupanda na kushuka huko kuliko na pH isiyo kamili.

Tuseme maji ni laini na tangi ni hilo la lita 92. Waanze rasbora 8, wanaokaa katikati na juu. Baada ya wiki mbili hadi tatu, amonia na nitriti zikiwa bado sifuri, ongeza koridora 6 wa aina moja kwa ajili ya chini. Neoni 10 waje mwisho, maana hawapendi tangi changa. Hapo tangi limejaa, hata kama macho yanaona nafasi. Kungoja huko kwa wiki kadhaa kuna sababu: bakteria huongezeka kwa kadiri ya chakula wanachopata, na ukiongeza samaki wakawa maradufu kwa siku moja, bakteria wanazidiwa. Idadi ya kundi nayo isipunguzwe. Neoni wawili hujificha nyuma ya filta mpaka wafe, lakini kumi huogelea mbele ya kioo. Wakipauka usiku usishtuke, rangi hurudi taa ikiwaka.

Kanuni ya sentimita moja ya samaki kwa lita moja isikudanganye. Samaki wa sentimita 20 si sawa na kumi wa sentimita mbili. Uzito hukua kwa urefu, upana na unene kwa pamoja, na uchafu hufuata uzito. Pleko wa kawaida, anayeuzwa akiwa kidole ili "asafishe kioo", hufika sentimita 40 na kuwa mchafuzi mkuu wa tangi. Samaki malaika akishakua humeza neoni. Baabu wa milia hung'ata mapezi marefu, hasa wakiwa wachache. Samaki wa dhahabu anataka maji ya baridi na tangi lake mwenyewe. Ukiwa na maji magumu na ukachagua gapi, chukua madume tu. Jike mmoja hubeba mbegu za dume kwa miezi, huzaa takribani kila wiki nne, na ndani ya nusu mwaka huna tena tangi, una kitalu.

Koridora wanahitaji mchanga au changarawe laini, kwa sababu wanatafuta chakula kwa sharubu na changarawe kali huzimaliza. Hawali kinyesi wala hawaishi kwa makombo. Watupie vidonge vinavyozama, taa ikishazimwa. Mmoja akichomoka hadi juu, akapiga funda la hewa na kurudi chini, ni kawaida yao. Hupumua pia kwa utumbo. Samaki wote wakining'inia juu wakihema, hiyo ni dharura. Pima amonia na nitriti papo hapo, badilisha nusu ya maji, acha kulisha siku hiyo, kesho pima tena. Kumbuka kwamba amonia ileile ni kali zaidi kwenye pH 8 kuliko kwenye 6.5.

Samaki wapya waachwe waelee juu ya maji ndani ya mfuko kwa dakika 20, kisha waongezewe maji ya tangi kidogo kidogo, halafu wavuliwe kwa kimia. Maji ya mfuko yamwagwe, yasiingie tangini kabisa. Waliosafiri muda mrefu wasicheleweshwe mfuko ukishafunguliwa: kaboni dayoksaidi ikitoka, pH hupanda, na amonia iliyokuwa imelala humo huamka.

Kazi ya wiki haizidi nusu saa. Chomoa hita kwanza (kioo chake kikibaki nje ya maji kikiwa moto hupasuka), nyonya uchafu wa changarawe kwa mpira, toa asilimia 25 hadi 30 ya maji, rudisha yaliyoondolewa klorini na yenye joto lilelile. Nitrati ikipita miligramu 40 kwa lita wakati wa kubadilisha, ama unalisha kupita kiasi ama samaki wamezidi. Chakula kiwe kile kinachoisha ndani ya dakika mbili, na siku moja kwa wiki wasile. Taa iwake kwa muda wa saa 6 hadi 8 kwa siku. Ukungu wa kijani kwenye kioo ni dalili kwamba umezidisha.

Sponji ya filta ndiyo inayoharibiwa kwa nia njema. Mtu anaipeleka chini ya bomba, anaisugua mpaka iwe nyeupe, na klorini inaweza kumaliza bakteria wa miezi sita. Itoe, ikamue mara nne tano ndani ya ndoo yenye maji uliyotoa tangini. Maji ya ndoo yatakuwa meusi na sponji itabaki na rangi ya udongo. Irudishe hivyohivyo, kinachotakiwa ni maji yapite tu. Zikiwa sponji mbili, mwezi huu moja, mwezi ujao nyingine. Pampu ya hewa nayo iwekwe juu ya usawa wa maji au iwe na vali ya kuzuia maji kurudi, la sivyo umeme ukikatika maji yanaweza kufuata mpira hadi sakafuni.

Ugonjwa utakaokutana nao kwanza ni madoa meupe, kama chembe za chumvi mwilini na kwenye mapezi, samaki akijikwaruza kwenye mawe. Dawa haimgusi kimelea akiwa ndani ya ngozi. Humuua anapoogelea kutafuta samaki mwingine. Ndiyo maana madoa yakipotea siku ya tatu na ukaacha dawa, hurudi kwa wingi wiki inayofuata. Pandisha joto polepole hadi 30 ili mzunguko wake uende haraka, ongeza hewa kwa kuwa maji ya moto hushika oksijeni kidogo, toa mkaa kwenye filta maana hufyonza dawa, na kwa koridora na neoni angalia kama lebo inataka nusu dozi. Endelea wiki nzima baada ya doa la mwisho. Ukiwa na ndoo kubwa, hita ndogo na filta ya sponji, kila samaki mpya akae humo wiki tatu kwanza, na sponji ya filta hiyo iishi ndani ya tangi kubwa wakati haitumiki ili iwe na bakteria siku utakapoihitaji. Ikishakaa na samaki mgonjwa, isirudi huko. Ichemshwe au itupwe.